Svante Arrhenius na Chumvi Isiyoonekana Majini

Mwezi Mei mwaka 1884, kijana wa miaka 25 alisimama mbele ya walimu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, kutetea tasnifu yake ya udaktari. Ilikuwa na kurasa karibu 150, ilihusu namna umeme unavyopita katika maji yenye chumvi, na iliandikwa kwa Kifaransa, ambacho hakikuwa lugha ya mama yake wala ya waliomsikiliza. Sisi tuliosoma Kongo tunaijua hali hiyo bila kuelezwa. Walimu walisoma, wakauliza, wakakunja nyuso, kisha wakampa daraja ya nne kwa maandishi na ya tatu kwa utetezi. Hakufeli. Lakini kwa alama hizo mtu hakuweza kutumaini kufundisha katika chuo kile, na mtu aliyetaka kuishi kwa utafiti alikuwa kama amefungiwa mlango akiwa bado kizingitini. Miaka 19 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo lilelile.

Jina lake ni Svante August Arrhenius. Najua baadhi yenu mtajiuliza mkemia anatafuta nini katika jarida la kitivo cha lugha. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya kwetu: nilisoma sekondari Ankoro, pale mto Luvua unapoingia Lualaba, na kama wenzangu wengi nilikariri jedwali la chumvi zinazoyeyuka na zisizoyeyuka kwa Kifaransa, kama mtoto anavyokariri sala ya Kilatini, pasipo kuelewa ni nini hasa kinatokea ndani ya glasi. Ya pili ni ya taaluma yetu, na nitaifikia.

Arrhenius alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 katika shamba kubwa la Vik, karibu na Uppsala. Baba yake alikuwa mpima ardhi aliyesimamia pia mali ya chuo kikuu, na familia ikahamia mjini mtoto akiwa bado mdogo. Inasimuliwa kwamba alijifunza kusoma akiwa na miaka mitatu, na kwamba aliipenda hesabu kwa kumtazama baba yake akijumlisha tarakimu katika vitabu vya mapato. Mwaka 1876 aliingia chuo kikuu cha mji wake. Alisoma kemia na fizikia, lakini mafunzo ya fizikia hayakumridhisha, wala hakumwona mwalimu wa kemia, Per Teodor Cleve, kuwa mtu ambaye angemwongoza katika jambo alilolitaka. Mwaka 1881 akaenda Stockholm, akafanya kazi katika Chuo cha Sayansi chini ya mwanafizikia Erik Edlund. Huko ndiko alikoanza kupima umeme majini.

Hapa inafaa nisimame kidogo kwenye maji yenyewe.

Chukua sukari, uitie katika maji. Chukua chumvi, uitie katika maji mengine. Kwa macho ni jambo moja: kitu kigumu kinapotea, maji yanabaki meupe, ulimi tu ndio unaojua tofauti. Lugha yetu nayo inasema jambo moja. Kwetu tunasema sukari imeyeyuka, chumvi imeyeyuka, na barafu imeyeyuka, na mafuta ya mawese yaliyoganda asubuhi yakiwekwa motoni yameyeyuka pia. Kitenzi kimoja kinabeba mambo mawili: kitu kigumu kuwa majimaji kwa sababu ya joto, na kitu kutawanyika ndani ya kitu kingine. Watunga istilahi wa Tanzania waliona tatizo hilo, wakachukua kitenzi cha mdomoni, kumumunya, wakapata kumumunyuka na mmumunyo, wakaiachia kuyeyuka kazi ya joto. Wengine wanaendelea kusema myeyusho. Mimi naona kumumunyuka kunastahili kushinda, ingawa sijamsikia mtu Ankoro akisema chumvi imemumunyuka katika mboga. Nitakitumia kuanzia hapa, msinicheke.

Lakini kuna tofauti ambayo hata kumumunyuka hakuionyeshi. Maji ya sukari hayapitishi umeme. Maji ya chumvi yanaupitisha vizuri sana. Chumvi kavu haiupitishi, maji safi karibu hayaupitishi kabisa, ila vikikutana umeme unapita. Kwa nini?

Michael Faraday, Mwingereza, alikuwa ameligusa jambo hili nusu karne kabla. Mwaka 1834 alitoa jina kwa vile vipande vinavyosafiri majini kuelekea kwenye nchani za umeme: aliviita ioni, kutoka neno la Kigiriki la kwenda. Kwa hiyo ioni ni kile kinachokwenda, msafiri. Neno hilo hakulipata peke yake. Aliomba msaada kwa William Whewell, msomi wa Cambridge aliyekuwa na sikio la lugha, na hao wawili wakaandikiana barua mpaka istilahi zikapatikana. Huo ni mfano ninaoupenda wa mwanasayansi anayejua kwamba kazi ya kutaja ina wenyewe. Ila Faraday, na karibu kila mtu baada yake, waliamini kwamba ioni huzaliwa umeme unapopita: umeme ndio unaopasua chumvi. Mjerumani Rudolf Clausius alikisia mwaka 1857 kwamba vipande vichache sana huenda vimejitenga tayari. Vichache tu, wala hakuendelea.

Arrhenius alipima mimumunyo iliyopunguzwa makali tena na tena kwa kuongezewa maji. Aliona kwamba kadiri chumvi ileile inavyotawanywa katika maji mengi zaidi, ndivyo kila sehemu yake inavyopitisha umeme vizuri zaidi. Ni jambo la kushangaza ukilifikiria. Askari mia moja waliotawanywa katika uwanja mkubwa wanafanya kazi kuliko askari mia walewale waliobanwa chumbani. Basi lazima wale mia hawakuwa wote kazini hapo mwanzo. Katika tasnifu alisema kwamba sehemu ya chumvi ni tendaji na sehemu imelala, na maji yakiongezwa sehemu tendaji inakua. Alikuwa mwangalifu, hakuandika waziwazi kwamba sehemu hiyo tendaji ni ioni zilizokwisha kuachana. Nadhani alijua jinsi maneno hayo yangepokewa. Hata hivyo alipokwenda kumweleza Cleve kwamba ana nadharia mpya, Cleve alimjibu kwa adabu fupi ya mtu anayetaka mgeni aondoke, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tusimhukumu Cleve haraka. Pingamizi la wakemia wa wakati ule lilikuwa la maana. Sodiamu ni metali laini inayowaka ikigusana na maji. Klorini ni gesi ya kijani inayochoma mapafu. Kijana huyu anasema kwamba katika bakuli la mchuzi, sodiamu na klorini zinaogelea kila moja kivyake, tena kwa amani? Mbona mchuzi haulipuki, mbona tunakula tunashiba? Jibu ni kwamba kinachoogelea si sodiamu wala klorini. Ni ioni zake, yaani atomu zilizobeba chaji ya umeme, moja chanya na nyingine hasi, na chaji hiyo inabadili tabia yote. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu hapati shida sana hapa. Mzizi ni uleule, lakini anayedhani kwamba mtu, kitu na utu ni neno moja kwa kuwa yote yana -tu, huyo hajaanza somo.

Baada ya utetezi wake mbaya, Arrhenius alifanya kitu ambacho ningependa kila mwenzangu anayelalamikia alama akifikirie. Alituma nakala za tasnifu nje, kwa watu aliojua wanafikiri juu ya mambo hayohayo: kwa Clausius, kwa Lothar Meyer, kwa kijana Mholanzi aitwaye van 't Hoff, na kwa Wilhelm Ostwald, profesa wa Riga, mji uliokuwa chini ya Urusi. Ostwald alisimulia baadaye kwamba siku moja alipata vitu vitatu pamoja: jino lililomuuma, binti aliyezaliwa, na tasnifu ya Arrhenius, na kwamba cha mwisho ndicho kilichomnyima raha zaidi, kwa sababu hakuweza kuacha kukifikiri. Mwezi Agosti mwaka uleule akafunga safari hadi Uppsala kumwona mtu huyu, akampa nafasi ya kufundisha Riga. Hebu wazieni sura za walimu wa Uppsala: mgeni mwenye jina anavuka bahari kumtafuta yule waliyempa daraja ya nne. Baba yake Arrhenius alikuwa mgonjwa, kwa hiyo kijana hakukubali kuondoka; mzee alifariki mwaka uliofuata. Lakini safari ile ilitosha. Kabla mwaka 1884 haujaisha, Uppsala yenyewe ilimpa cheo cha kufundisha kemia ya kifizikia.

Halafu akapata fedha za kusafiri, na kuanzia 1886 alizunguka: Riga kwa Ostwald, Würzburg kwa Kohlrausch, Graz kwa Boltzmann, Amsterdam kwa van 't Hoff. Katika miaka hiyo wazo lilipata mwili. Van 't Hoff alikuwa amegundua kanuni inayotabiri nguvu ya mimumunyo kutokana na idadi ya vipande vilivyomo, na sukari iliitii vizuri. Chumvi haikutii. Chumvi ya mezani ilijionyesha kana kwamba idadi ya vipande vyake ni karibu mara mbili ya ile iliyotiwa, na kloridi ya kalsiamu karibu mara tatu. Van 't Hoff aliweka herufi i katika kanuni yake ili kuziba ufa, bila kujua ufa unatoka wapi. Arrhenius alijua. Chumvi ya mezani inaachana vipande viwili: Na⁺ na Cl⁻. Kloridi ya kalsiamu vitatu: Ca²⁺ mmoja na Cl⁻ wawili. Hesabu ikaja yenyewe. Mwaka 1887 alichapisha maelezo hayo kamili katika juzuu ya kwanza ya jarida jipya la kemia ya kifizikia ambalo Ostwald na van 't Hoff walikuwa wamelianzisha, safari hii kwa Kijerumani na bila kujificha: chumvi ikiingia majini inatengana kuwa ioni, umeme upite usipite.

Sasa nirudi kwenye jedwali nililolikariri Ankoro, maana kutoka hapa ndipo linapata maana.

Mimina nitrati ya fedha katika maji ya chumvi. Papo hapo maji yanageuka meupe kama maziwa yaliyoganda, na mashapo yanashuka chini. Shuleni tuliandika:

AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃

Tukalinganisha pande mbili, tukapata alama, tukaenda nyumbani. Lakini mlinganyo huo unasema uongo wa adabu. Unasema kwamba vitu vinne vimebadilishana wenzi, kama ngoma ya watu wawili wawili. Kwa macho ya Arrhenius, kabla ya kukutana tayari kulikuwa na ioni nne huru, kwa hiyo ukweli unaandikwa hivi:

Ag⁺ + NO₃⁻ + Na⁺ + Cl⁻ → AgCl + Na⁺ + NO₃⁻

Tazameni pande zote mbili. Na⁺ ipo kushoto na ipo kulia, vilevile ilivyokuwa. NO₃⁻ nayo hivyohivyo. Hazikufanya kitu. Zilikuja harusini, zikakaa, zikaondoka. Wakemia wanaziita watazamaji. Zifute, kinabaki:

Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl

Huu ndio mlinganyo halisi wa ioni. Na hapa ndipo ilipo ile sababu yangu ya pili. Kazi hii ni ileile tunayoifanya katika fonolojia tunapoweka pata na bata sambamba, tukafuta kila sauti inayofanana, mpaka ibaki moja tu inayoleta tofauti ya maana. Aliyetufundisha sauti hakutaja kemia, na aliyetufundisha kemia hakutaja sauti, lakini mikono inafanya jambo moja. Faida yake ni hii: ukishajua kwamba tendo lote ni Ag⁺ na Cl⁻, huna haja ya kukariri milinganyo ishirini. Badala ya chumvi ya mezani weka kloridi ya potasiamu, au asidi ya hidrokloriki. Mashapo ni yaleyale meupe, mlinganyo ni uleule. Watazamaji tu ndio waliobadilika.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulikuwa tayari mezani kabla ya Arrhenius, na hakuna aliyeweza kuusoma. Ukichanganya asidi kali na besi kali, joto linatoka. Wapimaji walishangaa kuona kwamba joto hilo ni karibu sawa, takriban kilojuli 57 kwa kila moli, iwe umetumia asidi ya hidrokloriki na soda kali, au asidi ya nitriki na potashi. Vitu tofauti, joto moja. Futa watazamaji, utaona: katika kila chombo tendo ni moja tu, H⁺ na OH⁻ kuwa maji. Bila shaka joto litakuwa moja.

Na kumumunyuka? Jedwali la shule linagawa chumvi makundi mawili kama mbuzi na kondoo. Maji hayajui mgawanyo huo. Lita moja ya maji ya kawaida inapokea gramu 360 hivi za chumvi ya mezani kabla ya kukataa. Inapokea miligramu mbili hivi tu za kloridi ya fedha. Yote mawili ni kumumunyuka, ila moja ni ukarimu na jingine ni ubahili. Ioni zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na maji yanazivuta kwake. Anayevuta zaidi ndiye anayeshinda. Walther Nernst, aliyekutana na Arrhenius Würzburg, alionyesha mwaka 1889 kwamba kwa chumvi yenye ubahili kuna kikomo kinachopatikana kwa kuzidisha kiasi cha ioni zake, na kwamba ukiongeza moja kati ya ioni hizo kutoka chanzo kingine, chumvi inashuka kama mashapo ingawa hukuigusa.

Nkambo wangu mwanamke alikuwa akisimulia chumvi ya zamani, kabla ya ile ya dukani kufika kwa urahisi: majani ya majini yanachomwa, majivu yanatiwa katika chungu kilichotobolewa chini, maji yanamiminwa juu, yanayodondoka yanachemshwa mpaka chungu kikauke. Njia hii ilijulikana sehemu nyingi za Kongo. Wanawake wale hawakuwa na neno ioni, lakini walijua kutenganisha: kinachomumunyuka kinashuka na maji, kisichomumunyuka kinabaki katika majivu. Inayopatikana ina potasiamu nyingi, ndiyo maana ulimi unaikumbuka kwa uchungu kidogo.

Na teritware yetu ya Manono, ambayo zamani ilijulikana kwa bati, leo inatajwa duniani kote kwa lithiamu. Jiwe lenye lithiamu likichomwa na kutiwa asidi ya sulfuriki, lithiamu inaingia majini kama ioni. Mtu anawezaje kuitoa tena? Anatia kabonati ya sodiamu, na kabonati ya lithiamu inashuka:

2Li⁺ + CO₃²⁻ → Li₂CO₃

Sodiamu na sulfati ni watazamaji. Tena chumvi hii ina kiburi chake: wakati nyingi humumunyuka zaidi kwa joto, hii humumunyuka kidogo zaidi maji yakiwa moto, gramu 13 hivi kwa lita maji yakiwa ya kawaida, na karibu nusu ya hizo yakichemka. Kwa hiyo inashushwa ikiwa moto. Vijana wa Manono wanaoona malori yakipita wangefundishwa mlinganyo huu kabla ya ule wa fedha, ambayo hawajawahi kuiona katika maabara yoyote. Kwa bahati, lithiamu nayo iligunduliwa katika nchi ya Arrhenius, mwaka 1817, na Arfwedson, katika maabara ya Berzelius, Stockholm.

Maisha ya Arrhenius baada ya hapo nitayapita upesi, isipokuwa mahali pawili. Mwaka 1889 alieleza kwa nini joto huharakisha matendo ya kemia, na kanuni yake bado inabeba jina lake. Mwaka 1891 alianza kufundisha Stockholm, mwaka 1895 akawa profesa, si bila upinzani, na kisha mkuu wa chuo. Ndoa yake ya kwanza, na Sofia Rudbeck aliyekuwa mwanafunzi wake, ilivunjika baada ya miaka miwili, ikiwa imeacha mtoto wa kiume. Katika majonzi hayo alijifungia kufanya hesabu kwa mkono, maelfu ya hesabu, ili kujua hewa ya kabonidayoksaidi inachangia vipi joto la dunia. Mwaka 1896 alitoa jibu: hewa hiyo ikiongezeka mara mbili, dunia ingepata joto la nyuzi tano au sita zaidi. Makadirio ya leo kwa kawaida yako chini ya hapo, lakini hayako mbali kama mtu angetegemea kutoka kwa kalamu na karatasi. Yeye, mtu wa nchi ya theluji, aliona joto hilo kuwa habari njema. Waliofurikiwa na ziwa Tanganyika huko Kalemie wana haki ya kuona vingine.

Mwaka 1903 ilikuja Nobel. Aliyekuwa katika kamati ya kemia iliyompendekeza ni Cleve, yuleyule.

Mahali pa kwanza ninapotaka kusimama ni hapa, kwa sababu wasifu mwingi wa Arrhenius unaishia kwenye tuzo na makofi. Mtu aliyeumizwa na majaji alikuja kuwa jaji, na hakuwa jaji mpole. Alikuwa na sauti kubwa katika kamati za Nobel, na wanahistoria wameonyesha kwamba aliitumia. Mendeleev, Mrusi aliyepanga jedwali la elementi na ambaye hakuwahi kuikubali nadharia ya ioni, alikaribia tuzo mwaka 1906. Arrhenius alikuwa miongoni mwa waliosukuma ipewe mwingine, na Mendeleev alifariki mapema 1907 bila kuipata. Nernst, rafiki wa zamani aliyegeuka hasimu, alisubiri miaka mingi, mpaka tuzo ya 1920. Sijui kama Arrhenius aliwahi kukaa katika viti hivyo akakumbuka mwezi Mei wa 1884. Matendo yake hayaonyeshi.

Mahali pa pili panatuhusu zaidi. Mwaka 1909 iliundwa Stockholm jumuiya ya kile walichokiita usafi wa rangi, iliyotaka sayansi itumike kuamua damu gani inafaa kuzaliana, na Arrhenius alikuwa katika uongozi wake. Wasomi wengi wa Ulaya walifikiri hivyo wakati huo; ni maelezo, si udhuru. Mtu aliyeonyesha kwamba sodiamu yenye chaji na isiyo na chaji si kitu kimoja ingawa jina ni moja, alikubali kupanga wanadamu kwa kuwatazama usoni. Nimefikiri kama niliache jambo hili, kwa kuwa makala yangu ni ya chumvi. Nimeona nisiliache, kwa sababu Waafrika tunaosoma majina haya katika vitabu vya shule tunayapokea yakiwa yameoshwa.

Mwaka 1905 alikuwa ameoa tena, Maria Johansson, na mwaka huohuo akapewa taasisi ya Nobel ya kemia ya kifizikia aiongoze, baada ya kukataa mwaliko wa Berlin. Aliandika vitabu vingi kwa wasomaji wa kawaida, juu ya nyota, juu ya uhai kusafiri angani kutoka sayari hadi sayari. Baadhi vilitafsiriwa katika lugha nyingi.

Mwaka 1923, wakati ana miaka 64, Peter Debye na Erich Hückel walitoa kazi iliyoonyesha kwamba katika jambo moja alikuwa amekosea. Chumvi kali kama ya mezani haitengani kidogo kidogo kadiri maji yanavyoongezwa. Imetengana yote tangu mwanzo. Ni ioni zenyewe zinazozuiana kwa mvuto zikiwa karibukaribu, na maji yakiongezwa zinapata nafasi. Nadharia yake ya kuongezeka kwa sehemu tendaji ilibaki sahihi kwa asidi hafifu, kama siki. Wazo lake la ajabu lilikuwa la kweli kuliko yeye mwenyewe alivyothubutu kudai.

Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927. Alizikwa Uppsala.